Dawa Chungu kwa Kinywa Kitamu

Sima Xiangru alikuwa na kigugumizi. Kinanda chake cha nyuzi kilisema kuliko ulimi wake, na mashairi yake yalimpendeza mno mfalme Wudi wa nasaba ya Han. Mambo yake ameyaandika mwanahistoria Sima Qian, tena kwa uhondo. Kijana huyo maskini alimtorosha mjane, Zhuo Wenjun, binti wa tajiri wa kufua chuma kule Linqiong, katika nchi ya Sichuan. Mzee akasusa. Basi wawili hao wakarudi mji uleule wa mzee, wakafungua kilabu cha pombe: mke anauza, mume amevaa kaptura ya kibarua anaosha vyombo mbele ya kadamnasi. Haikupita muda baba mkwe aliona haya, akawapa watumishi 100 na sarafu milioni moja ili wamwondolee fedheha.

Katikati ya kisa hicho limo neno dogo ambalo matabibu wa China hawakulisahau. Mshairi, asema Sima Qian, alikuwa mgonjwa wa xiaoke, ile kiu isiyozimika ambayo humnyausha mtu huku akinywa na kukojoa usiku kucha. Mali alikuwa nayo, hakuhangaikia vyeo, na mara nyingi alibaki nyumbani kwa udhuru wa ugonjwa. Alifariki yapata mwaka 117 KK. Washairi wa karne za baadaye walipotaka kusema wao pia ni wagonjwa na wamechoka na kazi za serikali, waliutaja ugonjwa wa Xiangru, na kila msomaji akaelewa.

Hatuwezi kumpima sukari mtu aliyekufa miaka zaidi ya 2,000 iliyopita. Lakini dalili zilizopewa jina hilo zinafanana na kisukari kiasi kwamba leo hospitali za tiba ya asili nchini China hutibu kisukari chini ya kichwa hichohicho cha xiaoke. Na kinachoshangaza si kwamba ugonjwa ulijulikana mapema. Ni kwamba tangu mwanzo waganga waliuweka mlangoni mwa mtu mwenye ulafi wa vitamu.

Ushahidi umo katika Huangdi Neijing, kitabu kikongwe cha tiba kilichokusanywa katika karne za mwisho kabla ya Kristo, ambamo mfalme wa kale, Huangdi, anamhoji mganga wake Qibo. Katika sura ya 47 ya sehemu iitwayo Suwen, mfalme anauliza kuhusu mtu ambaye kinywa chake kina ladha tamu muda wote. Qibo anajibu kwamba hilo ni joto la wengu. Linawapata watu walioshiba vizuri mno, waliozoea vyakula vya mafuta na vya utamu: mafuta huzalisha joto ndani, utamu hulijaza tumbo, mvuke wake hupanda juu mpaka kinywani, na mwisho wake ni xiaoke. Kisha anataja dawa, na ni moja tu. Ni lan, mmea wenye harufu nzuri, ambao wataalamu wengi wanaulinganisha na peilan wa maduka ya leo. Kazi yake ni kufukuza uvundo wa chakula kilichochacha ndani ya mwili.

Msomaji makini atauliza: utamu gani, wakati sukari nyeupe haikuwapo? Ndiyo, haikuwapo. Wachina wa enzi ya Han walikuwa na asali, walikuwa na matunda, na walikuwa na yi, uji mzito mtamu unaopatikana kwa kuchanganya kimea cha shayiri na mchele au mawele yaliyopikwa. Kusini kulikuwa na miwa ya kutafuna na kukamua maji. Hayo yote yalikuwa ghali, yakaliwa zaidi na wenye nazo. Mwaka 1972, huko Mawangdui karibu na Changsha, wachimbuaji walifungua kaburi la bibi mmoja wa kabaila, Xin Zhui, aliyezikwa karne ya 2 KK. Mwili wake ulikuwa haujaoza. Madaktari waliompasua walimkuta mnene, ana mawe katika nyongo, mishipa ya moyo imeziba, na tumboni mwake zimebaki mbegu 138 za tikiti. Mganga wa Suwen angemtazama mara moja na kujua aandike nini.

Kwa nadharia hiyo, utamu haukuwa adui. Kila ladha kati ya tano ina kiungo chake, na tamu ni ya wengu, ambao kwa Wachina ndio mpishi mkuu wa mwili, unaogeuza chakula kuwa nguvu. Utamu kidogo, ule wa wali au kiazi kikuu, huulisha wengu. Ukizidi, huuzamisha. Ndiyo maana hata sasa mtu akimwendea mganga wa Kichina akasema hawezi kumaliza alasiri bila peremende, yaelekea ataambiwa kwamba wengu wake umedhoofika na unaomba msaada kwa njia mbaya. Ataandikiwa mizizi ya huangqi, kiazi kikuu kilichokaushwa kiitwacho shanyao, mbegu za yungiyungi, au mchanganyiko maarufu wa Waungwana Wanne, ulioingizwa katika kitabu cha duka la dawa la serikali ya nasaba ya Song. Mmoja wa waungwana hao wanne ni gancao, mzizi ambao utamu wake unaupita wa sukari mara kadhaa. Tamu kutibu tamu! Mwenye kucheka na acheke, ila asiutumie mzizi huo kila siku kwa miezi: ukizidi hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini.

Lakini tukirudi kwa waganga wa zamani, silaha yao kubwa ilikuwa uchungu.

Mfalme wa dawa chungu ni huanglian, mzizi mwembamba wenye vifundo, wa manjano ndani, unaostawi katika milima yenye ukungu ya Sichuan na jirani zake. Wachina wana msemo kuhusu bubu aliyekula huanglian: anaumia na hawezi kumwambia mtu. Tao Hongjing, mtaalamu wa mitishamba aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536, alikusanya maelezo ya waganga waliomtangulia, na katika orodha ya kazi za mzizi huo imo kuzuia xiaoke. Hivyo habari hiyo ina umri wa miaka 1,500 kwa uchache.

Anayeonyesha namna dawa hiyo ilivyotengenezwa hasa ni Sun Simiao, tabibu wa nasaba ya Tang aliyefariki mwaka 682, ambaye mahekalu yanamheshimu hadi leo kama mungu wa dawa. Katika kitabu chake cha maagizo yenye thamani ya dhahabu kuna vidonge vya tumbo la nguruwe. Chukua tumbo moja zima la nguruwe, ulisafishe. Chukua huanglian na mawele kwa uzito ulio sawa, ongeza mzizi wa mmea wa jamii ya mung'unye uitwao tianhuafen, na vitu vingine vitatu, yaani fushen, zhimu na maimendong. Saga, jaza tumboni, shona, pika kwa mvuke mpaka lilainike kabisa, kisha twanga likiwa bado la moto na uviringe vidonge. Mgonjwa ameze kila kiu inapomshika. Ukitafakari utaona akili iliyomo: nafaka na nyama ya tumbo zinalinda tumbo la mgonjwa lisichomwe na uchungu, na dozi inafuata dalili yenyewe.

Hata hivyo Sun Simiao hakuyategemea sana matumbo ya nguruwe. Sehemu yenye nguvu zaidi katika sura yake haina mmea hata mmoja. Aliwaambia wagonjwa wa xiaoke wajihadhari na mambo matatu: pombe, kitanda, na vyakula vya chumvi pamoja na vya unga wa ngano. Atakayejizuia, alisema, anaweza kupona hata bila dawa, na asiyejizuia hataokolewa hata na kidonge cha dhahabu cha kutoa uhai wa milele. Aliwakataza pia waganga wenzake kumchoma sindano au moto mgonjwa aliyeugua zaidi ya siku 100, kwa kuwa kidonda hakitapona, na akawaonya kwamba wengi hufa kwa majipu makubwa. Muuguzi yeyote wa kliniki ya kisukari anayekagua nyayo za wagonjwa kila wiki angemwelewa bila mkalimani.

Wakati huohuo jambo jingine liligunduliwa, na hapa Wachina wana haki ya kujivunia kidogo. Zhen Liyan, tabibu wa karne ya 7, aliandika kwamba mkojo wa mgonjwa wa xiaoke ni mtamu. Kitabu chake kimepotea, ila maneno yake yalinusurika kwa kuwa Wang Tao aliyanakili katika mkusanyo wake mkubwa wa mwaka 752. Maelezo yao yanatoka jikoni: nafaka asili yake ni utamu, kama ijulikanavyo na kila apikaye kimea, mwili wenye nguvu huuchemsha utamu huo na kuupandisha uwe nyama na damu, figo zikipoa, haziwezi kuuchemsha, nao hushuka mbichi mpaka kibofuni. Wahindi walikuwa wameshatangulia kuuita ugonjwa huo mkojo wa asali na kuona sisimizi wakiukimbilia. Ulaya ilisubiri mpaka karne ya 17, Thomas Willis wa Uingereza alipoonja na kuandika.

Mganga anajua sasa kwamba utamu unaingia kwa kinywa na kutoka kwa mkojo. Je, jamii inayomzunguka ilipunguza vitamu? Kinyume chake kabisa.

Mwaka 647, mfalme Taizong wa Tang alituma watu Magadha, kaskazini ya India, wakajifunze kupika sukari ya miwa. Waliporudi, miwa ya Yangzhou ilikamuliwa kwa maarifa mapya, na wanahistoria wa Tang wakaandika kwamba rangi na ladha vilizipita zile za Wahindi. Karne moja baadaye, kule Suining, Sichuan, watu walijifunza kugandisha maji ya miwa yawe sukari nabati, yale mawe yanayong'aa. Masimulizi ya huko yanampa sifa mtawa mmoja aitwaye Zou. Katika karne ya 12 Wang Zhuo aliiandikia sukari hiyo kitabu kizima, labda cha kwanza duniani kuhusu sukari peke yake, akieleza mashamba, vinu, mitungi na namna vipande vya kila rangi vinavyothaminiwa sokoni. Baadaye Fujian na Guangdong zikawa nchi za miwa. Kilichokuwa anasa ya kaburi la Mawangdui sasa kilikuwa mfukoni mwa mwenye duka.

Waganga walilalamika. Meng Shen, mwanafunzi wa Sun Simiao na mtaalamu wa tiba kwa chakula, alikuwa ameshaandika kwamba sukari ikilwa kwa wingi inaumiza moyo, inazalisha minyoo, inakondesha nyama za mwili na kuharibu meno. Li Shizhen naye, ambaye kitabu chake kikubwa cha dawa chenye vitu 1,892 kilichapishwa mwaka 1596, aliwashangaa watu wa zama zake waliotia sukari katika kila chakula kwa sababu inapendeza mdomoni, bila kujua kwamba wanadhurika kimyakimya. Katika kitabu hicho limo pia tunda chungu ambalo lilikuwa geni kiasi nchini China, lililoletwa kutoka nchi za kusini. Watu wa Zanzibar na Mombasa wanalijua sokoni kwa jina la Kihindi, karela.

Majirani walichukua mambo mengine. Mtawa wa Kijapani Eisai, aliyesomea dini ya Zen nchini China wakati wa nasaba ya Song, alirudi kwao na mbegu za chai, na mwaka 1211 akaandika kijitabu cha kusifu kinywaji hicho. Wengi husoma nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili ni ya mforosadi, na miongoni mwa magonjwa ambayo majani na vijiti vya mti huo vinatibu, Eisai anautaja ugonjwa wa kunywa maji, kisukari chao. Alidai maarifa hayo ameyapata China. Sasa inajulikana kwamba mforosadi una kemikali inayozuia vimeng'enya vya utumbo visivunje wanga kuwa sukari upesi, na mwezi Machi 2020 serikali ya China iliidhinisha vidonge vilivyotengenezwa kwa vijiti vya mti huo kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili.

Huanglian nao ulipata ushahidi wake, tena kwa bahati. Kemikali yake ya manjano, baberini, ilikuwa dawa ya bei rahisi ya kuhara katika hospitali za China. Mwaka 1988 ikaripotiwa kwamba wagonjwa wa kisukari waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya matumbo sukari yao ya damu ilishuka. Majaribio mengi yamefuata. Siku hizi vijana wa Marekani wanaimeza baberini ili wapunguze mwili na hamu ya kula, wakiinunua kwenye chupa zisizotaja popote tumbo la nguruwe.

Ni vizuri kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana na wauzaji. Kushusha sukari ya damu si sawa na kuua hamu ya vitamu. Mapitio ya taasisi ya Cochrane yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikusanya majaribio 66 ya mitishamba ya Kichina kwa kisukari cha aina ya pili, yenye wagonjwa 8,302. Baadhi ya dawa zilionekana kushusha sukari, lakini majaribio mengi yalikuwa dhaifu kiasi kwamba wachunguzi hawakuthubutu kuipendekeza hata moja. Tena yalikuwa ya damu, si ya ulafi. Mmea unaojulikana wazi kwamba unaubadilisha ulimi wenyewe ni gurmar: ukitafuna jani lake, sukari inakuwa kama mchanga mdomoni kwa muda wa nusu saa au zaidi. Ofisa wa Kiingereza aitwaye Edgeworth aliliarifu hilo kutoka India mwaka 1847. Gurmar unaota kusini mwa China pia, na hata Afrika, ila sifa yake ni ya Wahindi, ijapokuwa maduka huuza kila kitu kwa jina la hekima ya China.

Historia ya karibuni ya dawa hizi ina upande ambao Sun Simiao asingeutambua. Dawa ya kiwandani maarufu kuliko zote kwa xiaoke inaitwa Xiaoke Wan, vidonge vidogo vya Guangzhou. Ndani yake mna mizizi ya gegen, dihuang, huangqi na tianhuafen, nywele za mahindi, shanyao, na juu ya hayo yote miligramu 0.25 za glibenklamaidi katika kila kidonge. Glibenklamaidi si mtishamba. Ni dawa ya maabara inayolazimisha kongosho kutoa insulini. Kiwanda hakikuificha, imeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Lakini anayeamini kwamba anameza majani tu, akaongeza vidonge kwa kuwa mitishamba haina madhara, au akachanganya na dawa ya hospitali, anaweza kuanguka sukari ikiwa imeshuka mno. Mbaya zaidi ni dawa bandia. Huko Singapore mwaka 2008 vidonge vya nguvu za kiume vilivyotiwa glibenklamaidi kwa siri viliwapeleka watu 150 hospitalini, na wanne wakafa.

Afrika Mashariki ina uhusiano wake na tiba hii. Madaktari wa China walifika Zanzibar miaka ya 1960, mara baada ya Mapinduzi, na mwaka 1987 wataalamu wa tiba ya asili ya Kichina walianza kazi Muhimbili, Dar es Salaam, wakitafuta mitishamba ya kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI. Miaka ya 1990 zikafuata kliniki za binafsi za dawa za Kichina katika mitaa ya jiji hilo, na kutoka hapo dawa hizo zikawa jambo la kawaida.

Kuna mmea mmoja ambao safari yake imekwenda mbali kuliko yote, na ni tunda, si mzizi: luohanguo. Linaota juu ya mtambaazi wa jamii ya maboga katika milima ya Guilin, mkoa wa Guangxi, hasa wilaya za Yongfu na Lingui. Wakulima hupachika chavua kwa mkono, ua baada ya ua, huvuna tunda la kijani lenye ukubwa wa yai, kisha hulikausha mpaka liwe la kahawia na jepesi kama kibuyu kitupu. Wenyeji wa kusini walilichemsha kwa kikohozi, koo linalowasha na choo kigumu, na Wakantoni wakalitia katika chai zao za kupoza mwili. Halikuwa dawa ya xiaoke. Nje ya China halikujulikana sana mwaka 1941, mtaalamu wa mimea wa Marekani Walter Swingle alipolipa jina la kisayansi kwa heshima ya Gilbert Grosvenor, rais wa Jumuiya ya National Geographic, iliyofadhili utafutaji wake.

Utamu wa tunda hili hautokani hasa na sukari, unatokana na kemikali ziitwazo mogrosaidi, tamu kuliko sukari kwa mara 250 hivi, na mwili hauzitumii kama chakula. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani haikupinga litumiwe kama kitamu. Tangu hapo milima ya Guilin inalisha viwanda vya soda, mtindi na biskuti vya dunia nzima, na unga wake mweupe unauzwa kwa watu wanaotaka kuacha sukari. Wanaacha kweli, kwa maana ya kalori. Kuhusu ile hamu yenyewe, unga huo hauwadai kitu: hauna uchungu, haumkatazi mtu pombe wala unga wa ngano, na kinywa kinabaki na utamu uleule ambao Qibo alikuwa akimweleza mfalme wake kama ugonjwa. Na China yenyewe, yenye maktaba ndefu kuliko zote ya maonyo dhidi ya kitamu, kwa hesabu za Shirikisho la Kimataifa la Kisukari za mwaka 2021 ilikuwa na watu wazima wapatao milioni 141 wenye kisukari, wengi kuliko nchi nyingine yoyote.